Mwitongo: nyota na mahame ya Mara

Mwombe mwanafunzi yeyote wa historia akutajie mahali ambapo watu wa kale waliisoma mbingu kwa mawe. Atataja piramidi za Misri, atataja Stonehenge ya Uingereza, na kama ni mpenzi wa filamu za historia atakupeleka hadi milima ya Andes. Huko Andes hatakuwa amekosea. Chankillo, karibu na pwani ya Peru, kuna safu ya minara 13 ya mawe iliyojengwa juu ya mgongo wa kilima zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Ukisimama mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, unaliona jua likichomoza kati ya mnara na mnara, kila siku likisogea kidogo, kutoka ncha ya kaskazini mwezi Juni hadi ncha ya kusini mwezi Desemba. Kilima kizima ni kalenda. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza Chankillo katika orodha ya urithi wa dunia. Karne nyingi baada ya wajenzi wale, Wainka nao walisimamisha nguzo juu ya vilima vinavyouzunguka mji wao wa Cuzco ili kufuatilia safari ya jua.

Sasa mwombe mwanafunzi huyohuyo akutajie mahali kama hapo mkoani Mara. Atanyamaza.

Ukimya huo ndio uliotutoa darasani. Mwishoni mwa Juni tulijikusanya wanafunzi sita wa shahada ya umahiri, tukachanga nauli, tukapanga safari ya siku nne: Musoma, Butiama, Bunda. Hatukwenda kutafuta Machu Picchu ya Wazanaki. Swali letu lilikuwa dogo zaidi. Watu walioishi hapa kabla ya kalenda ya karatasi kuning'inizwa ukutani walijuaje kwamba sasa ni wakati wa kuandaa shamba? Na ujuzi huo, kama ulikuwepo, umeacha alama wapi?

*

Tuanze na mbingu yenyewe, kwa sababu mbingu ya Mara si mbingu ya vitabu vingi tunavyovisoma.

Musoma iko kiasi cha nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta. Mkazi wa London anaweza kuishi miaka 90 asilione jua likisimama utosini kwake hata siku moja. Mkazi wa Musoma huliona mara mbili kwa mwaka: katikati ya Machi, na tena siku chache kabla ya Septemba kwisha. Siku hizo, jua likifika juu kabisa, mti uliosimama wima hauna kivuli pembeni. Kivuli chote kimejificha chini yake. Kuanzia hapo Machi hadi Septemba jua la mchana hukaa upande wa kaskazini na vivuli huangukia kusini. Miezi inayobaki, mambo hugeuka. Cuzco nayo ina siku zake mbili za jua la utosini, katikati ya Februari na mwishoni mwa Oktoba, na wanaochunguza kalenda ya Wainka wamezipa siku hizo uzito mkubwa.

Tulichomeka kijiti kwenye mchanga ufukweni, tukatia alama ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kwa kuwa ilikuwa Juni, kivuli kiliangukia kusini. Kilikuwa kifupi kuliko vyote si saa sita kamili bali yapata saa saba kasorobo. Sababu yake ni ya kiserikali zaidi kuliko ya kimbingu: saa za Tanzania zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Musoma iko karibu na nyuzi 34. Jua linahitaji takriban dakika 45 zaidi kutufikia. Kila mtu Musoma anaishi kwa mchana wa mahali pengine, na hakuna anayelalamika.

Kijiti kilitufundisha jambo jingine pia. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, ndiyo maana saa ya Kiswahili inaweza kuanza kuhesabu jua linapochomoza na isimtupe mtu mbali, iwe Januari au Julai. Jua halituletei baridi kali wala halituondolei. Kinachogawa mwaka wetu ni mvua: vuli za miezi ya mwisho wa mwaka na masika ya Machi hadi Mei. Kwa hiyo mkulima wa Mara hakuhitaji kujua tu jua limefika wapi. Alihitaji kujua mvua imekaribia kiasi gani, na kwa hilo alihitaji zaidi ya jua.

*

Alfajiri ya pili, saa kumi na moja, tulitoka nje ya gesti tukatazama mashariki. Juu kidogo ya mapaa kulikuwa na kishada cha nyota ndogo zilizobanana kama punje zilizomwagika. Kilimia.

Jina lenyewe linakueleza kazi yake. Ndani ya Kilimia kuna kulima. Na si Kiswahili peke yake: Wazulu na Waxhosa huziita nyota hizohizo isilimela, Wasotho huziita selemela, na kitenzi ni kilekile. Kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi rasi ya kusini, maelfu ya kilomita, wakulima wanaosema lugha za Kibantu wameyatazama mafungu hayo ya nyota wakaona jembe. Miongoni mwa Waxhosa mwanamume aliweza kuhesabu miaka yake ya utu uzima kwa isilimela ngapi zimepita tangu atahiriwe.

Wahenga wa pwani walituachia na methali: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wengi tuliisoma shuleni kama fumbo. Ukiitazama mbingu ya Mara, si fumbo hata kidogo. Mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea, Kilimia huonekana jioni upande wa magharibi, kila siku kikiwa chini zaidi. Mwanzoni mwa Mei kinamezwa na mwanga wa jua. Kinakaa huko wiki kadhaa, na katikati ya Juni kinazuka tena mashariki kabla ya mapambazuko, wakati mvua zimekatika na mahindi yanakauka shambani. Kimezama kwa mvua, kimezuka kwa jua. Kisha kufikia Novemba kinachomoza mashariki giza linapoingia, na vuli ziko njiani au zimekwisha kuwasili.

Hapa ndipo Andes inaporudi, tena kwa namna ambayo sikuitarajia nilipoanza kusoma. Katika wiki hiyohiyo ya mwisho wa Juni, karibu na tarehe 24, wakulima wa nyanda za juu za Peru na Bolivia hupanda milimani usiku kutazama nyota hizohizo. Zikionekana kubwa na angavu, hupanda viazi kwa wakati wake. Zikiwa hafifu, huchelewesha. Mwaka 2000 watafiti watatu, Orlove, Chiang na Cane, walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya kwa nini jambo hilo hufanya kazi. Miaka ya El Niño huleta mawingu membamba sana yaliyo juu sana angani, ambayo jicho haliyaoni lakini huzififisha nyota. Miaka hiyohiyo mvua ya Andes huja pungufu. Mkulima aliyeitazama Kilimia yake alikuwa akiipima hali ya hewa ya Bahari ya Pasifiki bila kuijua bahari hiyo.

Ni rahisi kusoma habari hizo na kutamani kuzihamishia kwetu. Haziwezi kuhamishwa. El Niño ambayo huinyima Andes mvua mara nyingi huijaza Afrika Mashariki maji. Wazee na vijana wa umri wa kati wanaikumbuka ile ya 1997. Ishara moja ya mbinguni, maana mbili zinazopingana duniani. Kilimia chetu ni kalenda: kinakuambia umefika wapi katika mwaka. Kilimia cha Andes ni kalenda na ni utabiri. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu inatuzuia kusifu mambo kwa jumla. Ujuzi wa mbingu ni wa mahali, na ukiutoa mahali pake unaweza kusema uongo.

*

Na mawe je? Wenzetu wawili hawakuridhika na nyota peke yake. Walitaka magofu, na katika ukanda wetu magofu yapo.

Ukivuka mpaka wa Sirari kuingia Kenya na kuelekea upande wa ziwa, utafika Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori. Ni boma la mawe makavu, yamepangwa bila udongo wala chokaa, kuta zake katika baadhi ya sehemu zikizidi kimo cha watu wawili. Milango ni mifupi, mgeni huingia ameinama. Inakadiriwa kuta hizo ni za karne ya 16, na jamii mbalimbali zilikaa humo zikapokezana hadi Waluo ambao ndio waliotupa jina tunalolitumia. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2018. Si peke yake: eneo hilo lina mamia ya maboma ya namna hiyo, mengi yakiwa yamebomoka. Lakini Thimlich Ohinga ilijengwa kwa ajili ya ulinzi wa watu na ng'ombe. Hakuna anayedai kwamba milango yake inaelekezwa kwa nyota.

Mahali palipodaiwa hivyo ni kaskazini zaidi, karibu na Kalokol, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Hapo kuna nguzo 19 za jiwe jeusi la volkano zilizosimamishwa zikiwa zimeinamia huku na huku. Mahali hapo huitwa Namoratunga, na Waturkana husimulia kwamba ni watu waliogeuzwa mawe. Mwaka 1978 Lynch na Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zimeelekezwa kwenye nyota saba, Kilimia kikiwemo, ambazo Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya huzitumia katika kalenda yao ya miezi 12 na siku 354. Habari hiyo ilienea haraka. Hatimaye Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa na Stonehenge yake.

Kisha wakaja wenye mashaka. Jiwe lile la volkano lina sumaku, na sumaku huivuta sindano ya dira. Soper alirudia vipimo miaka michache baadaye akaonyesha kwamba mielekeo ya awali haikuwa ya kutegemewa. Uchimbaji wa miaka ya karibuni nao umeonyesha kwamba maeneo ya nguzo kuzunguka Ziwa Turkana yalikuwa makaburi ya wafugaji wa miaka takriban 5,000 iliyopita. Katika eneo moja, Lothagam Kaskazini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikadiria angalau watu 580 waliozikwa pamoja, wakubwa kwa watoto, bila dalili ya tabaka. Kwangu mimi habari hiyo ni kubwa kuliko ile ya nyota. Lakini haikuvuma kama ile ya kwanza, kwa sababu haifanani na kitu ambacho tayari kinasifiwa Ulaya.

Kalenda ya Waborana, kwa upande wake, ipo na inatumika. Haikuwa ikisubiri nguzo za Kalokol ili iwe ya kweli. Wataalamu wake hutazama mwezi ukiandama pamoja na nyota fulani, na kila siku ina jina lake katika mzunguko wa majina 27. Iko vichwani mwa watu. Vivyo hivyo kalenda ya Waswahili ya Nairuzi, ambayo huugawa mwaka wa jua katika miongo, yaani makumi ya siku, na ambayo Makunduchi huifungua kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Mabaharia na wakulima wa pwani waliihesabu bila mnara. Kwa hiyo mtu akituuliza kwa nini hatuna Chankillo, jibu la kwanza ni kwamba kalenda haihitaji jiwe. Inahitaji mtu anayekumbuka.

*

Butiama tulifika kwa Noah iliyojaa, tukikatia Makutano kutoka barabara kuu. Watu wengi huja hapa kwa sababu moja: kaburi la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa hapa tarehe 13 Aprili 1922 na kurudishwa hapa baada ya kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Tulikwenda kaburini, tukaingia makumbusho. Lakini kilichotushika ni jina la mahali pale. Panaitwa Mwitongo.

Katika lugha nyingi za ukanda wetu itongo ni mahali palipowahi kukaliwa na watu kisha wakahama. Kiswahili kina neno mahame, na wengine husema magofu, ingawa gofu linadai ukuta na itongo halidai. Mwitongo ni huko kwenye mahame. Rais wa kwanza wa Tanzania amelala mahali ambapo jina lake maana yake ni kwamba palikuwa na watu kabla.

Na jina lake mwenyewe ni kalenda. Kambarage ni jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Inasimuliwa kwamba siku aliyozaliwa mvua ilinyesha sana, jambo linalokubalika ukiitazama tarehe, kwa kuwa Aprili ni katikati ya masika. Nyerere lilikuwa jina la baba yake, Mtemi Nyerere Burito, na maana yake ni viwavi, kumbukumbu ya mwaka ambao wadudu hao walishambulia mimea. Julius alilichukua alipobatizwa Desemba 1943. Ni jina la Kaizari, yule aliyeipanga upya kalenda ya Roma, ambaye tamthilia yake iliyoandikwa na Shakespeare Mwalimu mwenyewe aliitafsiri kwa Kiswahili. Majina matatu, namna tatu za kutunza wakati: viwavi, mvua, na mwaka wa siku 365 na robo.

Si yeye peke yake. Mara imejaa akina Wambura, waliozaliwa kwa mvua, na akina Okoth na Akoth, mvua hiyohiyo kwa Kiluo. Darasani tunajifunza kwamba jamii zisizoandika hazina tarehe. Lakini ukipanga majina ya ukoo mmoja kwa vizazi vinne, ukaweka mwaka wa viwavi hapa, mwaka wa njaa pale, mvua kubwa kule, unapata uti wa mgongo wa historia ambao unaweza kulinganishwa na kumbukumbu za misheni na za wakoloni. Kumbukumbu haikuwa kwenye jiwe, ilikuwa ikiitwa kwa jina na kutumwa kisimani.

*

Mzee aliyekubali kutupeleka kwenye itongo la baba yake alitutangulia kwa fimbo, kimya, hadi tulipovuka kijito kilichokauka. Tulimpa shikamoo zetu asubuhi, naye alikuwa ameshatuamua kwamba sisi sote ni wajukuu.

"Hapa," alisema.

Mimi niliona nyasi. Yeye aliona nyumba. Alituonyesha mstari wa minyaa uliokuwa ua. Alituonyesha mahali nyasi zilipokuwa nene na za kijani kuliko kwingine: zizi la ng'ombe, mbolea yake bado inafanya kazi baada ya miaka hamsini. Vigae vya chungu. Jiwe la kusagia lililochimbika katikati kama kiganja. Kisha akasimama kando ya jiwe hilo, akageukia mashariki.

"Baba alikuwa akikaa hapa asubuhi. Kile kilima mnakiona? Jua likichomoza kushoto kwake, bado. Likianza kuchomoza kulia, anasema, haya, tengenezeni majembe, vuli zinakuja."

Nilihesabu kimoyomoyo. Mtu akitazama mashariki, kulia ni kusini. Jua huvuka kwenda kusini mwishoni mwa Septemba. Mzee alikuwa ananieleza Chankillo, kilima kimoja badala ya minara 13, na jiwe la kusagia badala ya jukwaa.

"Na baada ya kuhama, mzee?"

"Baada ya operesheni?" Alicheka kidogo. "Tulipangwa kwenye mstari kule barabarani. Ukisimama kule, kilima kiko upande mwingine kabisa. Nyota hazikuhamishwa, mjukuu wangu, wala jua halikuhamishwa. Tulihamishwa sisi."

Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa mashambani awe kijijini. Kabla ya hapo ujamaa ulikuwa wito. Sasa ulikuwa amri. Mkoa wa Mara uliguswa mwaka 1974. Kufikia 1977 serikali ilihesabu zaidi ya watu milioni 10 katika vijiji nchi nzima. Hoja za operesheni zinaeleweka: huwezi kupeleka shule, zahanati na bomba kwa kaya zilizotawanyika kila moja kilimani kwake, na wengi wetu tuliosoma shule za kata za vijiji hivyo ni matunda ya hoja hizo. Mzee mwenyewe hakuukana mpango wote. Wajukuu zake wamesoma. Lakini hoja hizo zilipopimwa, hakuna aliyeweka kwenye mizani jiwe la kusagia na kilima.

Kalenda ya upeo wa macho ina udhaifu mmoja: inafanya kazi ukiwa mahali pake tu. Minara ya Chankillo haisemi kitu kwa mtu aliyesimama bondeni kwingine. Mwondoe mkulima kwenye uwanja wake umpeleke kilomita tatu, na hujamhamisha nyumba peke yake, umemfuta tarehe. Atabaki na Kilimia, ambacho kinaonekana popote, atabaki na miti inayochanua na upepo wa ziwani. Lakini ile kalenda sahihi, ya siku chache huku au kule, amaeiacha kwenye mahame. Mtu aliyezikwa Mwitongo ndiye aliyeifanya nchi nzima kuwa na mahame mapya. Sisemi hivyo kwa kumhukumu. Nasema kwa kuwa wanahistoria wa ujamaa wameandika mengi kuhusu mavuno, siasa na nguvu iliyotumika, na bado kuna hasara hii ambayo haikuwa na safu kwenye daftari la mtu yeyote.

*

Bunda ilikuwa kituo chetu cha mwisho. Mji umekaa kati ya ziwa na Serengeti, malori ya Mwanza yakipita mchana na usiku. Huku mvua ina historia ya kisiasa. Masimulizi ya Waikizu yanamtaja Nyakinywa, mwanamke aliyekuja kutoka Kanadi upande wa Usukuma akiwa na ujuzi wa mvua, kuwa chimbuko la utemi wao. Aliyejua mvua alitawala, au tuseme aliyetawala alidaiwa kujua mvua, na isiponyesha alikuwa na la kujibu. Mwanahistoria Jan Bender Shetler amekusanya masimulizi ya Waikizu, Wanata, Waikoma, Wangoreme na jirani zao, na katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007 anaonyesha kwamba nyika tunayoambiwa ni tupu tangu kuumbwa kwa dunia imejaa majina ya mahame. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Baadhi ya mahame yakabaki ndani ya mpaka, na wenye nayo nje.

Kwa hiyo swali la magofu yetu si la watalii peke yao. Mahame ni hati. Ni ushahidi wa nani aliishi wapi, alilima nini, alizika nani. Kuta za Thimlich Ohinga zinajitetea zenyewe kwa kuonekana. Itongo halijitetei. Mzee wa mwisho anayeweza kuitofautisha minyaa ya ua na minyaa ya porini akifa, ile hati imechomwa, na trekta likipita wiki inayofuata hakuna atakayejua kilichopotea.

Je, ujuzi wenyewe una kazi leo? Bunyore nchini Kenya, ukoo wa Nganyi unaojulikana kwa mvua umefanya kazi na wataalamu wa hali ya hewa: kila upande unaleta utabiri wake wa msimu, wanakaa, wanalinganisha, wanatoka na kauli moja inayofikishwa kwa wakulima. Wataalamu wameona kwamba ishara za wazee, kama miti kupukutisha majani au wadudu kubadili tabia, zina msingi, na wakulima husikiliza zaidi sauti wanayoifahamu. Hilo ni jambo la kawaida kabisa, halina miujiza, na lingeweza kujaribiwa Mara na Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Lakini nisiahidi kupita kiasi. Mama mmoja mkulima tuliyezungumza naye nje kidogo ya Bunda alikijua Kilimia, alikuwa amefundishwa na bibi yake. Tulimwuliza kama bado anakifuata. Alisema kinakuja vilevile kila mwaka, tarehe zilezile. "Mvua ndiyo siku hizi haifuati," alisema. Nyota haikuchelewa. Kalenda iliyounganisha nyota na mvua ilitegemea kwamba vyote viwili vitashika miadi, na sasa kimoja kimeanza kuivunja. Simu yangu yenye ramani ya nyota haiwezi kurekebisha hilo, wala mzee wa Butiama hawezi. Hata hivyo, ili kujua mvua imesogea kiasi gani, lazima kwanza tujue zamani ilikuja lini, na vituo vya kupimia mvua katika vijiji vyetu ni vichache na vya juzi. Wakati wa kupanda uliokumbukwa kwa kilima na jua unaweza kugeuzwa kuwa tarehe. Nilifanya hivyo kichwani kando ya jiwe la kusagia. Ni kipimo cha hali ya hewa cha zamani kilichohifadhiwa na mtu asiye na kipima mvua.

Kazi inayotakiwa haihitaji fedha za kigeni. Inahitaji daftari, dira, simu yenye kuonyesha mahali ulipo, na mtu wa kukusindikiza. Andika jina la itongo, jina la aliyelikaa, mwaka waliohama, na kilima walichokitazama. Simama mahali pa kukalia, ugeukie mashariki, upime. Tukiwa Bunda tuligawana kata za kuanza nazo, kila mmoja akachukua mahali ambapo ana shangazi au babu wa kumkaribisha. Daftari letu sasa lina mahame kumi na moja. La kwanza lina minyaa, zizi, jiwe la kusagia lililochimbika, na kilima kimoja upande wa mashariki, kidogo kulia.